Karatasi Alizozisoma Baba

Baba yangu alikuwa msomaji. Sisemi msomaji wa vitabu, maana nyumbani kwetu hapakuwa na kitabu isipokuwa vyangu vya shule. Alikuwa msomaji wa karatasi za wakubwa. Katika kiwanda cha magunia ya katani alichofanyia kazi hapa Morogoro, kila lilipotoka tangazo yeye ndiye aliyepanda juu ya sanduku la mbao mbele ya lango na kulisoma, kwa sauti iliyofika mpaka ghala la nyuma bila kipaza sauti. Alisoma salamu za Chama, ratiba za zamu, majina ya waliofariki, na maelekezo ya namna ya kumpokea mgeni kutoka Dodoma. Sauti hiyo ndiyo iliyompa ukatibu wa tawi la Chama pale kiwandani, na ubalozi wa nyumba kumi kwenye kota za wafanyakazi tulizokaa.

Kuandika ndiko kulikomshinda. Kabla sijazaliwa, mashine ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Alishika kalamu kwa gumba na vidole vya mwisho, na herufi zake zilitoka zimelaliana kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Nilipofika darasa la tano, mwalimu wetu akawa anaushika mwandiko wangu juu darasa zima liuone, na baba akanikabidhi kazi ya kuandika ripoti zake za ubalozi. Yeye alisema, mimi niliandika. Nani kapokea mgeni bila kutoa taarifa. Nani hakuja kufagia barabara Jumamosi. Nani anauza gongo. Nilikuwa napenda kazi ile. Niliwatambia wasichana wenzangu kwamba serikali inasoma mwandiko wangu.

Nyumba ya kushoto kwetu alikaa fundi wa mitambo, Mluguru wa huko juu milimani, aliyejifunza ufundi kwa mapadri. Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo walikuwa watani, na hawakuitana kwa majina hata siku moja. Ilikuwa mtani, mtani, tangu asubuhi. Jirani akienda kwao Jumapili alirudi na kabichi na mkungu wa ndizi, akaviweka kwenye baraza letu akisema ameleta posho ya wapagazi wake. Baba alimjibu kwamba watu wa milimani wakishushwa mahali tambarare hutembea wamepinda goti moja. Kilipotokea kifo kwenye nyumba moja, mwingine alikuja kulala kaburini na kugoma kuondoka mpaka apewe chochote, na waliofiwa wakacheka huku wanalia. Mke wa jirani na mama yangu waliazimana chumvi, ungo na cherehani.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu watu wa serikali walipoanza kuzunguka nchi wakiuliza wananchi kama wanataka chama kibaki kimoja au viwe vingi. Siku kadhaa kabla ya zamu ya kiwanda chetu, baba alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu jibu. Hakuwatisha. Aliwaambia tu, kama anayewakumbusha siku ya chanjo, kwamba sisi huku tunataka kimoja.

Mkutano ulifanyika ndani ya bwalo la chakula. Sisi watoto tulichungulia madirishani. Meneja wa kiwanda, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa tawi la Chama, alikaa mbele amevaa suti yake ya Kaunda rangi ya udongo. Watu walisimama mmoja mmoja wakasema kimoja, kimoja, kimoja. Kisha akasimama jirani yetu. Akasema yeye anataka viwe vingi, kwa sababu hiki kimoja kimechoka na kimenona kwa wakati mmoja. Watu wakacheka kwa pua. Angeishia hapo, labda ingepita. Lakini akamgeukia meneja, akamuuliza kwa adabu kabisa kama saruji iliyojenga nyumba yake kule mabondeni chini ya mlima ni ile iliyoletwa kukarabati ghala, maana ghala bado linavuja.

Hakuna aliyecheka tena. Watu waliangalia kandambili zao. Wageni wakaandika kitu, wakasema ahsante, wakaondoka.

Jioni ile kabla ya chakula baba aliniita nilete daftari. Meneja alitaka ripoti. Baba akasema, nami nikaandika, kwamba ndugu huyu amewachochea wafanyakazi, amemvunjia heshima kiongozi mbele ya wageni, anasikiliza redio za nje, na ana tabia ya kuwakusanya watu nyumbani kwake Jumapili. Hiyo ya Jumapili ilikuwa kweli. Walikusanyika kusali rozari. Baba alipotulia kutafuta maneno ya kumalizia, mimi nilikuwa nimekwisha kuyapata. Nikaandika: mtu huyu ni hatari hata kwa watoto wetu, na sisi watoto tunamwogopa. Nikamsomea. Baba akanitazama, akanipapasa kichwa kwa ule mkono wa vidole vitatu, akasema hiyo imekaa vizuri sana, iache.

Sikuwa namwogopa. Wiki moja kabla alikuwa amenitengenezea kifuniko cha kopo langu la kuwekea kalamu.

Barua ya kumfukuza kazi ilitoka kabla ya wiki kwisha. Kwa kuwa kota zilikuwa za wafanyakazi, ilimpa siku tatu kuhama. Ilikuwa katikati ya masika. Mkewe alikuwa na mimba kubwa, na hakuna gari lililokubali kupanda njia ya kwao kwa lile tope. Siku ya tatu walianza kutoa vitu nje. Mama alikwenda mlangoni avuke kuwasaidia, baba akamwambia mke wa balozi hawezi kuonekana anabeba mizigo ya mtu aliyefukuzwa. Mama akarudi ndani, akasimama nyuma ya pazia la dirisha, amelishika pazia kwa mikono yote miwili. Mimi nilitoka nikacheza rede na wenzangu kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba zao na zetu. Nilicheka kwa sauti kuliko kawaida. Nilitaka wasikie kwamba kwetu kuko salama.

Kabla ya kuondoka jirani alikuja barazani. Baba alikuwa ameketi na redio mapajani.

"Mtani," alisema, "ni wewe?"

Baba alijibu bila kuzima redio. "Mimi nasoma tu, mtani. Siandiki. Mkono wangu unaujua."

Jirani akautazama mkono ule. Akaitikia kwa kichwa, akajitwika cherehani, wakaondoka kuelekea mlimani, mkewe nyuma akishikilia mgongo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye minazi ya misheni, na hawakuchukua muda kupotea.

Habari yao tuliletewa na wanawake wa milimani waliokuwa wakishuka na matenga ya mboga kichwani. Walimwambia mama kwamba yule mwanamke alijifungulia njiani, kwenye kibanda cha mtu cha kuwekea ndizi, na mtoto aliishi muda wa kutosha tu kubatizwa kwa maji ya mvua. Mama alimweleza baba wakati anamtengea ugali. Baba akasema Mungu ampumzishe mtoto, kisha akauliza kama mchicha una karanga.

Sijui kama lilimuuma. Nimejiuliza miaka yote. Alikula akamaliza.

Haukupita muda mrefu, wakubwa wenyewe wakatangaza kwamba vyama vitakuwa vingi. Waraka ulikuja kiwandani na baba akapanda sandukuni kuusoma: kuanzia sasa kila raia ana uhuru wa kujiunga na chama akitakacho. Aliusoma kwa sauti ileile aliyotumia siku zote. Alipomaliza, kijana mmoja wa idara ya ufumaji akauliza kama basi yule fundi aliyefukuzwa ataitwa arudi. Baba akaigeuza karatasi akatazama nyuma yake, ambako hapakuwa na kitu.

"Hilo halimo humu," akasema.

Niseme jambo hapa ambalo vijana wa sasa hawaliamini nikiwasimulia. Walioulizwa kwenye bwalo lile walisema kimoja, wakaletewa vingi. Aliyesema vingi alikuwa analima kabichi kwenye mteremko unaomlazimu mtu ajifunge kamba. Na meneja, aliyetaka ripoti ya huyo mtu, ndiye aliyesimama mbele yetu kutueleza uzuri wa demokrasia. Mwaka uleule aliacha suti ya Kaunda akaanza kufunga tai.

Kisha likaja neno uwekezaji. Nilikuwa nimeingia sekondari. Kiwanda kikawa kinafanya kazi zamu moja, halafu nusu zamu, na malori ya katani yakaacha kuja. Watu walikuja na makoti wakapima majengo kwa futi. Tuliambiwa mnunuzi amepatikana na kwamba meneja atabaki kumsaidia kuendesha mambo, kwa sababu anakijua kiwanda. Ikasemwa wafanyakazi wachache watapunguzwa.

Orodha ya waliopunguzwa ililetwa na tarishi ndani ya bahasha iliyofungwa, saa nne asubuhi, siku yenye jua kali. Nilikuwepo. Shule ilikuwa imefungwa na mama alinituma nimpelekee baba kikapu cha chakula. King'ora kikalia, watu wakatoka kwenye mashine, vumbi la katani limewaganda kwenye nyusi. Baba akapanda, akafungua bahasha, akaanza. Idara ya kuchambua. Idara ya kusokota. Idara ya kufuma. Kila jina lilipotajwa mtu alisogea kando, mpaka upande ule ukawa umejaa kuliko huu. Meneja alikuwa dirishani ofisini kwake juu, nyuma ya kioo.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa utawala na ulinzi. Baba akasoma majina mawili, kisha akasoma la kwake. Akalisoma kama alivyosoma mengine, la kwanza, la baba yake, na namba yake ya kazi. Hakusita. Akasoma na matatu yaliyofuata, akatangaza kwamba waliotajwa warudishe vifaa vya kiwanda kabla ya saa kumi, akashuka, akaenda kusimama kule kando na wengine.

Halafu mwanamke mmoja wa idara ya kusokota, mtu ambaye baba alikuwa amewahi kumripoti kwa kuuza gongo, akasema, bila kupaza sauti sana:

"Hilo la mwisho mwisho hatukulisikia, balozi. Hebu lirudie."

Na baba, ambaye kwa miaka yote alizoea kuombwa kurudia, akapanda tena sandukuni, akalitafuta kwenye karatasi, akalisoma mara ya pili. Hapo ndipo walipocheka. Walicheka wote, waliobaki na waliofukuzwa, wakashikana mabega, wengine wakaketi chini kwenye vumbi. Watu ambao walikuwa wamepoteza kila kitu dakika kumi zilizopita walicheka mpaka machozi. Nami nilikuwa nimesimama na kikapu, na nitakiri kwamba mdomo wangu ulikuwa unacheza. Ilinibidi niung'ate.

Tulihamia nyuma ya Msamvu, kwenye mtaa uliokuwa unajiotea wenyewe, vyumba vya matofali ya kuchoma vilivyojengwa na waliotoka viwandani. Mama alianza kuuza maandazi kwa abiria wa mabasi ya bara. Baba alikaa nje na shati lake la Chama, akiwasalimu wapita njia kwa sauti ya mkutano. Alisema yale ya kiwandani yalikuwa makosa ya uchapaji na wakubwa wakigundua watamwita. Alikuwa na barua tatu alizotaka niandike kueleza hivyo. Nilimwandikia ya kwanza. Ya pili nilimwambia nina masomo.

Jirani yetu wa zamani naye alishuka kutoka milimani akajenga mtaa huohuo, nyumba nne kutoka kwetu, ili mkewe awe karibu na soko. Alikuwa amejiunga na kimojawapo cha vile vyama vipya. Walipokutana na baba mara ya kwanza njiani, alimwamkia vizuri, mtani, za siku nyingi, akapita. Uchaguzi wa mitaa ulipokuja akagombea uenyekiti. Mikutano yake yote niliisikia nikiwa nimekaa ndani, na hakumtaja baba hata mara moja. Alishinda kwa kura nyingi, na hao waliompa kura ndio walewale wa kimoja, kimoja, kimoja. Siku ya matokeo baba aliingiza kiti chake ndani.

Mwaka uliofuata mama alipata uvimbe tumboni. Zamani ukienda hospitali ulitibiwa, dawa zikiwepo. Sasa palikuwa na utaratibu wa kuchangia, na asiye na uwezo alitakiwa barua ya mwenyekiti wa mtaa inayothibitisha umaskini wake. Daktari alisema upasuaji usikawie.

Baba alivaa shati la kawaida akaenda ofisi ya mtaa. Ilikuwa chumba kimoja, na mbele yake benchi. Jirani alimpokea kwa heshima.

"Karibu mtani. Keti, nitakusikiliza."

Akaketi. Watu wakaja, wakaingia, wakatoka na barua zao. Jua likahama. Ofisi ilipofungwa, jirani akatoka na kufuli mkononi, akamwona baba kama ndiyo kwanza anamwona.

"Kumbe bado upo. Njoo kesho, mtani."

Kesho yake ikawa hivyohivyo, na siku iliyofuata. Zilikwenda siku tisa. Nilikuwa nampelekea baba uji saa sita na kumkuta amekaa mwisho wa benchi, mgongo umenyooka, kofia magotini. Hakulalamika wala hakuomba. Nadhani aliutambua utaratibu ule. Ndio aliowafanyia yeye watu walipokuja kwake kuomba kibali cha kusafiri au cha kununua sukari. Nyumbani mama alikuwa amefikia kulala amejikunja kama mtoto, anauma kona ya shuka.

Siku ya kumi nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha uji, jirani akatutokea mlangoni akiwa na faili la kaki. Alituambia wazi lilikotoka. Meneja, ambaye sasa alikuwa mshirika wa mwenye kiwanda, alitaka malori yake yapite katikati ya mtaa. Alikuja ofisini na viti vya plastiki na mabati, na pamoja na viti akaleta faili hilo, zawadi kutoka kwenye makabati ya zamani, kwamba mwenyekiti ajue maadui zake walikuwa nani.

"Jumapili baada ya misa tuna mkutano wa mtaa," akamwambia baba. "Nasikia siku hizi husomi. Nataka utusomee karatasi moja. Barua ya hospitali nitakuwa nayo mfukoni."

Baba akaomba aione hiyo karatasi. Akaangalia juu tu, ulipoanza mwandiko wangu, akamrudishia.

Mkutano ulikuwa kwenye uwazi wa bombani, jua la saa saba, watu wamejaa mpaka kwenye vibaraza vya nyumba za jirani. Baba aliletewa ndoo iliyofudikizwa apande. Akasoma. Ile sauti haikuwa imepungua hata kidogo. Ndugu huyu amewachochea wafanyakazi. Watu wakaanza kuguna na kucheka, mtu akapiga mluzi. Anasikiliza redio za nje. Ana tabia ya kukusanya watu. Aliposoma mtu huyu ni hatari hata kwa watoto wetu, na sisi watoto tunamwogopa, kicheko kikakatika. Mke wa jirani alikuwa ameketi mbele kwenye kanga, miguu ameinyoosha. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaenda zake nyumbani.

"Mwandiko wa nani huu, mtani?" jirani akauliza.

"Wangu."

Macho yote yakaenda kwenye mkono ulioshika karatasi. Gumba na vidole viwili vya mwisho. Hakuna mtu pale ambaye hakuujua mkono ule. Baba hakuuficha. Akasema tena, kwa sauti ya sandukuni, kwamba mwandiko ni wake na maneno ni yake.

Jirani alinitafuta katikati ya watu mpaka akanipata. Alinitazama kwa muda. Nilikuwa na miaka ishirini, mtu mzima, ninajua kusema. Nikainamisha kichwa nikawatazama kuku waliokuwa wanachakura kwenye tope la bombani, na niliendelea kuwatazama mpaka nikasikia muhuri unagongwa. Alikuwa ameiweka barua juu ya goti lake, akaipiga muhuri hapohapo mbele ya watu.

Mama alipasuliwa akapona. Nilipomsimulia wodini gharama ya ile barua, aligeuka ukutani. Baada ya muda akauliza:

"Alisoma vizuri?"

"Vizuri."

Hakuuliza kingine, wala sijapata kumsikia akilizungumza tena.

Miaka ikaenda. Kiwanda hakikufuma gunia jingine. Kiligeuzwa ghala la kuhifadhia bidhaa za watu, mashine zikakatwa vyuma chakavu, na malori yakapita mtaani kwetu kama meneja alivyotaka. Jirani alishinda mara mbili kwa chama chake. Mara ya tatu, meneja alimpelekea wageni nyumbani, na kabla ya kampeni jirani akapanda jukwaani akarudisha kadi ya chama chake, akavishwa shati la Chama, kama lile alilovaa baba maisha yake yote. Walipigwa picha na meneja wamekamatana mikono. Baba alikuwepo, nyuma kabisa. Alirudi nyumbani akalivua shati lake, akalipasua vipande, akavifanya matambara ya kufutia baiskeli. Fedheha zote zilizotangulia alikuwa amezimeza kimya. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomsikia akitukana.

Haikupita miezi mingi akapata kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa, na sauti ikaondoka moja kwa moja. Alibaki na macho, na mlio mmoja wa kooni aliotumia kwa kila jambo. Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya msingi na nilikuwa nimerudi kuishi nao. Mwanzoni watu walikuja kumwona, kwa sababu ndivyo inavyofanyika. Baada ya mwezi hakuna aliyekuja, isipokuwa jirani.

Alikuja kila Jumamosi asubuhi. Alivua viatu, akaingia chumbani, akasema, "Mtani, umeamkaje," akavuta kigoda mpaka karibu na kitanda. Baba alikuwa mtu mkubwa mwenye mifupa mizito, na mimi na mama hatukumweza. Jirani alimwinua, akamgeuza, akamsafisha vidonda vya mgongoni, akamnyoa ndevu kwa wembe, taratibu, akivuta ngozi kwa kidole. Halafu alikaa kimya, mikono magotini, uso kwa uso naye, mpaka karibu na adhuhuri. Baba alitoa ule mlio wake. Jirani alikaa tu. Padri aliwahi kumtaja kanisani, bila jina, kama mfano wa kusamehe.

Jumamosi moja nilimsindikiza mpaka nje. Nikamwambia watu wanamsifu sana.

"Kwa lipi?"

"Kwa kumjulia hali mzee."

Alikuwa anavaa viatu. Alifunga kamba za kiatu kimoja, kisha cha pili, ndipo akainuka.

"Simjulii hali," akasema. "Nakuja kumtazama. Na wewe pia nakutazama, mwalimu."

Akaniaga vizuri, akashika njia ya kwake.

Nilirudi ndani nikamkuta mama jikoni anapepeta mchele. Nikamwambia alichosema yule mtu, nikasema asiingie tena humu ndani, nitamwambia mwenyewe. Mama hakusimamisha ungo.

"Baba yako anajua anachofuata," akasema. "Na mimi najua. Tangu siku ya kwanza najua. Sasa niambie, ukimfukuza, Jumamosi atamgeuza nani?"

Nikasimama pale nikiwafikiria watu tunaowajua, mmoja baada ya mwingine. Mama akamaliza kupepeta, akanipa ungo niuoshe. Jumamosi iliyofuata alikuja saa tatu kama kawaida yake, nikampokea kofia, nikamwekea maji ya moto ya kunyolea.